Siku ya tatu baada ya glovu: kisa cha mwanafunzi mmoja wa ngumi Temeke

Ujumbe wa sauti uliingia saa kumi na moja alfajiri, siku ya Jumatano. "Shikamoo kocha. Samahani kwa kukuamsha. Mimi leo siji. Nimeshindwa hata kuchuchumaa chooni, nimeng'ang'ania kitasa cha mlango kama mgonjwa. Mikono haifiki kichwani, nywele nimefungwa na mdogo wangu. Nadhani huu mchezo si wangu." Akanyamaza kidogo, adhana ikasikika kwa mbali, kisha akamalizia: "Na mama alinionya."

Aliyetuma ni dada wa miaka 34, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mkazi wa Temeke. Kilo 68. Mara ya mwisho kufanya mazoezi ya maana ilikuwa netiboli ya sekondari. Kazini anakaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kilichomleta kwetu ni ngazi: stoo ya duka iko ghorofa ya pili, na kila akipanda kuhakiki mzigo anafika juu akihema hadi wabeba mizigo wanamwonea huruma. Alikuwa amepima presha, iko sawa. Hana kisukari, hana historia ya moyo, hana mimba. Hayo niliyauliza, na nilifanya vizuri kuyauliza. Yaliyofuata sikuyafanya vizuri.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naona kila mwezi watu wakija siku moja na kupotea. Tunawaita wavivu. Wengi wao si wavivu. Tumewaumiza sisi makocha wenyewe, kisha tukawaacha na maumivu yao bila maelezo.

Jumatatu ile, mwishoni mwa Januari, joto la Dar likiwa limekaba, nilimpa ratiba ileile niliyopewa mimi nilipoanza. Mbio za pole kuzunguka uwanja kwa dakika kumi na tano. Kamba raundi tatu. Kuchuchumaa na kuinuka mara 120, kwa mafungu ya thelathini. Pushapu 30, nyingine akiwa amepiga magoti. Kupiga hewani raundi tatu, begi la kupigia ngumi raundi nne, tumbo, basi. Alimaliza yote. Niliona ana moyo, nikamwongezea fungu la mwisho la kuchuchumaa kwa sababu tu alikuwa bado amesimama. Aliondoka akicheka, jasho likimtiririka, akaniambia usiku huo atalala kama mtoto.

Mimi nilianza ngumi enzi ambazo jina la Michael Yombayomba, aliyerudi na dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, lilikuwa midomoni mwa kila kijana wa mtaani kwetu. Makocha wa wakati ule walikuwa na vijana thelathini na jozi nne za glovu. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuchuja: anayerudi kesho ndiye bondia. Kwa shida ile ya vifaa naelewa kwa nini walifanya hivyo. Ila huyu dada hakuja kutafuta mkanda. Amekuja kutafuta pumzi ya kupanda ngazi, na analipa ada yake. Kumchuja ni kumdhulumu.

Nilipousikia ule ujumbe wa Jumatano, nilimpigia palepale. Swali langu la kwanza lilimshtua: "Mkojo wako una rangi gani?"

"Kocha!"

"Nijibu tu, binti. Ni wa njano ya kawaida, au umekuwa kama chai ya rangi?"

Ulikuwa wa kawaida. Nikamuuliza kama paja au mkono umevimba na kukaza kama ngoma, kama kuna mahali pamekufa ganzi, kama ana homa au anatapika. Hakuna. Nikashusha pumzi. Kila anayefundisha wanaoanza ayajue maswali haya, kwa sababu misuli iliyopigishwa kazi kubwa ghafla, hasa kwenye joto na mwili ukiwa umekaukiwa maji, inaweza kuvunjika kupita kiasi. Mabaki yake yakimwagika kwenye damu, huenda kudhuru figo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola, pamoja na maumivu makali na misuli kuishiwa nguvu, si jambo la kuchua na kulala. Ni hospitali siku hiyohiyo. Haitokei mara nyingi, lakini wanaopatwa mara nyingi ni watu wa aina yake hasa: mgeni wa mazoezi, mwenye ari, aliyepewa mamia ya marudio na mtu anayemwamini.

Yeye alikuwa na yale ya kawaida, mwili kukaza. Alichokuwa hajui, na ambacho sikumwambia Jumatatu, ni kwamba maumivu haya huchelewa. Usiku wa kwanza unalala vizuri. Asubuhi yake unaanza kuyasikia, na kilele chake huwa kati ya siku ya pili na ya tatu. Baada ya hapo hushuka yenyewe, na ndani ya wiki huwa yameisha. Mtu asiyeambiwa hivyo akiamka siku ya tatu akiwa na hali mbaya kuliko ya pili, anaamini kabisa kwamba ameharibika na anazidi kuharibika.

Mama yake alimwambia ni "asidi imeganda kwenye misuli", maneno ambayo hata makocha huyasema. Si kweli. Ile asidi wanayoisema, laktiki, inayotokea mtu akiwa anahema begini huwa imesharudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, kabla hata hajafika nyumbani. Kinachouma siku ya pili ni nyuzi ndogo za misuli zilizochanika, na mwili unaoleta maji na joto mahali pale ili kuzikarabati. Na nyuzi hizo huchanika zaidi msuli unapofanya kazi ya kufunga breki, yaani unapokaza huku unavutwa kurefuka.

Ukilielewa hilo, unaweza kusoma mwili wake kama daftari la Jumatatu. Mapaja yaliuma kwa sababu ya kushuka, si kuinuka: zaidi ya mara 120 mapaja yalizuia kilo 68 zisianguke chini. Vigimbi vilitokana na kutua kwenye kamba, maana kila ukitua kigimbi ndicho kinachokamata uzito kabla kisigino hakijagusa sakafu. Na mabega? Hapa ndipo wengi hukosea. Yeye alidhani ni begi. Ngumi ya begi husimamishwa na begi. Ngumi ya hewani haisimamishwi na kitu chochote isipokuwa misuli yako ya nyuma ya bega na mgongo wa juu. Mwanafunzi mpya anayerusha ngumi hewani kwa nguvu zote anailazimisha misuli yake ya nyuma ipige breki mamia ya mara, na kiwiko kinafyatuka hadi mwisho. Nilimwacha arushe hivyo raundi tatu nzima kwa sababu alikuwa anapendeza kumtazama. Siku hizi wapya wangu wanapiga hewani polepole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kabati, na ngumi inaishia kabla mkono haujanyooka wote.

Nikamwambia aje jioni. Alidhani namtania.

"Njoo na kanga yako ukae, ukitaka. Ila njoo."

Alifika saa kumi na mbili kasorobo akishuka kwenye bajaji upandeupande. Hatukugusa kamba wala begi. Tulitembea kuzunguka uwanja dakika kumi, tukazungusha mabega, kisha nikamfundisha namna ya kusimama: mguu wa kushoto mbele, kisigino cha kulia juu kidogo, kidevu chini, gadi juu, yaani ngumi mbili zikikinga uso, hadi mikono ilipokataa na kuishusha. Hatua mbele, hatua nyuma. Dakika ishirini na tano jumla. Katikati alisema jambo ambalo nimelisikia kwa wengi: "Mbona yanapungua?" Mwili ukipata joto na damu ikitembea, maumivu hulegea. Hayajapona, kesho asubuhi yatakuwepo, lakini yamelegea. Kikubwa zaidi, Jumatano hiyo aliondoka akiwa amejifunza kitu, badala ya kulala nyumbani akijihesabu mshindwa.

Alikuwa ameshameza diklofenaki mbili za duka la dawa, tumboni hamna kitu zaidi ya chai. Nilimsihi aache. Dawa zile huchubua tumbo, na mtu aliyetoka jasho jingi bila kurudisha maji anazipa figo mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Kuchuliwa kwa upole ni sawa, maji ya moto ya kuoga ni sawa, vyote vinatuliza. Kujinyoosha viungo kunasaidia kidogo mno kwenye maumivu haya, ingawa ni desturi nzuri kwa mambo mengine. Dawa yenyewe ni siku, usingizi na chakula.

Kwenye chakula tuligundua tatizo. Asubuhi alikula maandazi mawili na chai ya rangi, mchana chipsi, usiku wali na kijiko cha mchuzi. Mtu anayejenga misuli huhitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwake ni kama gramu 110, na kwa hesabu yangu alikuwa hafiki hata nusu. Hatukununua unga wa kopo. Mayai mawili asubuhi, ambayo ni kama gramu 12. Mchana wali maharage, na maharage yawe mengi kuliko wali. Usiku samaki au dagaa. Kikombe cha maziwa mgando kabla ya kulala. Hakuwa anafika 110 kila siku, lakini ndani ya wiki mbili alisema haamki tena akiwa amechoka.

Ijumaa alikuja tena, nusu ya kazi ya Jumatatu. Jumatatu ya wiki ya pili nikampa kuchuchumaa mara 40. Alikuwa na hofu ya Jumatano. Jumatano ikaja, akanipigia: "Kocha, nasikia kidogo tu, kama mtu amenifinya." Hapa kuna zawadi ambayo mwili humpa kila anayerudi: misuli iliyopita kwenye kazi fulani mara moja, ikirudishiwa kazi hiyohiyo ndani ya wiki chache, huumia kidogo sana. Kinga hiyo huanza kabla hata hujaona umepata nguvu. Ndiyo maana anayekuja siku moja, akapotea miezi mingi akisema anasubiri maumivu "yaishe kabisa", akarudi na kubebeshwa mzigo uleule, analipa gharama kila mara na hapati faida yake.

Kuanzia hapo tulikuwa na siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nilimwekea sharti la kuongeza kitu kimoja tu kwa wiki. Wiki ya kamba, begi halibadiliki. Wiki ya begi, kamba haibadiliki. Alinunua kidaftari cha shule akawa anaandika.

Pumzi ilikuwa shida yake ya pili, na ilinichukua muda kuiona. Kwenye kamba alikuwa anaendelea vizuri, lakini kwenye begi alikatika sekunde ya arobaini, uso umebadilika. Nikasimama nyuma ya begi nikamtazama mdomo. Alikuwa anabana pumzi. Anarusha ngumi tatu, nne, tano, mdomo umefungwa, kisha anafungua na kuhema kwa pupa. Nilimtaka atoe sauti: kila ngumi na "tss" yake, hewa fupi ikitoka kwenye meno. Aliona aibu, vijana walikuwa karibu. Tukaenda kwenye begi la pembeni, lile lililochanika mshono na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, tss. Jebu, kulia, tss tss. Raundi ile alimaliza dakika mbili nzima kwa mara ya kwanza. Alikaa kwenye benchi akaniangalia, hakusema kitu, akafungua maji yake.

Mabondia wa kulipwa wanaume hupigana raundi za dakika tatu na wanawake mara nyingi dakika mbili, wote wakipumzika dakika moja. Kwa anayeanza mimi nashika dakika mbili kwa moja, na kipimo changu ni mazungumzo. Wakati wa mapumziko namuuliza ameshindaje kazini. Akijibu sentensi nzima, raundi inayofuata ipo. Akijibu neno mojamoja, namwongezea nusu dakika. Akishindwa kujibu, begi limeisha kwa siku hiyo.

Wiki ya tatu ikaleta jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alitofautishe na mwili kukaza. Alikuja akisema kifundo cha mkono wa kulia "kimekaza". Nilimwuliza maswali matatu. Ni mkono mmoja au yote miwili? Mmoja. Kilianza lini? Palepale, kwenye ngumi ya kulia ya raundi ya tatu. Kinauma wapi? Akaweka ncha ya kidole mahali pamoja, upande wa kidole cha mwisho. Misuli iliyokaza huuma pande zote mbili, huja baada ya siku, na ukiulizwa mahali unapapasa eneo zima kwa kiganja. Maumivu ya upande mmoja, ya papohapo, yanayoonyeshwa kwa ncha ya kidole, ni ya kuumia.

Nikamwambia afunge bandeji za mikono, zile za ndani ya glovu, mbele yangu kama anavyofunga nyumbani. Alikuwa amenunua fupi, za mita mbili na nusu, akazimalizia zote kwenye vidole, kifundo kikabaki na mzunguko mmoja tu. Tena alikuwa anatua na vifundo vya vidole viwili vya mwisho, mkono ukiwa umepinda kidogo kuelekea nje. Mifupa ya kiganja inayoshika vidole hivyo viwili ni myembamba, na ndiyo inayovunjika mara nyingi kwa watu wanaopiga bila kufundishwa. Ngumi inatakiwa itue na vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka sawa na mfupa wa mkono. Nilimpeleka akapigwe picha; mfupa ulikuwa mzima. Siku kumi na mbili mkono wa kulia haukugusa begi. Tulifanya jebu peke yake, miguu na tumbo, na nikikumbuka leo naona siku zile kumi na mbili ndizo zilizompa jebu nzuri aliyonayo. Aliporudi, alikuwa na bandeji za mita nne na nusu, mizunguko mitatu kwenye kifundo kwanza, kisha kiganja, kisha katikati ya vidole, kisha kifundo tena. Na glovu za aunsi 14 badala ya zile za 10 alizoazimwa na kijana wa mtaani.

Mwisho wa wiki ya tano Ramadhani ikaingia. Anafunga, na alidhani mwezi mzima umekwenda. Tulikaa tukapanga. Siku mbili kwa wiki badala ya tatu. Mazoezi mazito yakawa baada ya tarawehe, akiwa ameshafuturu kwa tende na uji na amekunywa maji taratibu tangu magharibi. Hakuna kitu kipya mwezi mzima, kushikilia tu tulichonacho. Siku moja alikuja saa kumi na moja jioni akiwa amefunga, anataka kuruka kamba ili "amalize mapema". Nilimkatalia, tukaenda hatua za miguu kivulini dakika ishirini. Aliudhika. Joto la Machi kwa mtu asiyekunywa maji tangu daku silichezei.

Baada ya Idi nilimrudisha kwenye siku tatu kwa mzigo wa wiki ya nne, misuli ikamuuma kidogo siku moja tu.

Nimeliangalia daftari lake wiki iliyopita. Siku ya kwanza aliruka kamba mara 22 kabla haijamnasa mguuni. Sasa anamaliza raundi tatu za dakika mbili akinaswa mara moja au mbili. Mapigo ya moyo anayoyahesabu asubuhi kabla ya kutoka kitandani yalikuwa 82 kwa dakika, sasa 70. Uzito umepungua kilo mbili tu, jambo lililomvunja moyo mwanzoni hadi sketi ya kazini ikaanza kuzunguka kiunoni. Ngazi za stoo anazipanda akiongea na simu. Mama yake bado anasema ngumi ni mambo ya wahuni, ila ndiye anayemchemshia mayai ya asubuhi.

Ratiba ya siku ya kwanza kwenye klabu yetu imeandikwa upya kwa chaki karibu na mlango: kamba raundi moja, kuchuchumaa mara 20, hewani polepole raundi mbili, begi raundi mbili kwa nguvu nusu. Chini yake nimeandika kwamba keshokutwa mwili utauma kuliko kesho, na kwamba siku hiyo uje hata kama unachechemea. Vijana wawili wa zamani walisema nimelainika. Nimewaachia waseme.

Sasa anataka sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzake. Ameomba mara tatu. Nimemwambia kwanza kifundo kile kipige ngumi ya kulia yenye nguvu wiki nne mfululizo bila kuuma, na raundi nne za padi, zile ninazomshikia mkononi apige, azimalize huku akinijibu sentensi nzima. Anaandika wiki zake kwenye jalada la daftari. Jana alinionyesha: mistari mitatu.